Utemi, si Serikali ya Wachawi

Gary Gygax aliuorodhesha utawala wa wenye sihiri, magocracy kwa Kiingereza, mwaka 1979 katika mwongozo wa mchezo wa Dungeons & Dragons, na vijana wetu wanaukuta leo katika dola ya Tevinter ya mchezo wa Dragon Age. Wafasiri wetu wanauita "serikali ya wachawi". Tafsiri hiyo ni mbovu, na ina madhara.

Mchawi kwa Kiswahili hatawali. Anawanga usiku, anajificha, na sheria ya uchawi ya mwaka 1928 inamhesabu mhalifu. Katika nchi ambayo bibi kizee ameuawa kwa sababu moshi wa kuni umemfanya awe na macho mekundu, neno hilo halichezewi.

Wapo wanaotaka "umajusi". Nakiri asili yake inavutia: neno la Kiajemi cha kale lililowapa Wagiriki jina la wenye sihiri ndilo lililopita kwa Waarabu likawa majusi, hadi mamajusi wa Injili ya Mathayo na dhahabu yao, uvumba na manemane. Lakini Mwislamu akisikia majusi anafikiria waabudu moto, na Mkristo anafikiria nyota ya Bethlehemu. Hakuna anayefikiria kiti cha enzi.

Neno tunalo: utemi. Kutema ni kukata. Wapo wasemao mtemi ni yule aliyekata msitu wa kwanza watu wakapata pa kukaa, na wapo wasemao ni mkata mashauri. Mimi nazichukua zote mbili, maana aliyefungua ardhi ndiye aliyepatana na mizimu yake, na kwa hiyo ndiye mwenye haki ya kuamua juu yake. Nenda Kirumi, kwa Waihanzu wa Mkalama, hapa hapa Singida. Ukoo wa Anyampanda ulitoa watawala wawili, mwanamume na mwanamke, na wote wawili walikuwa waleta mvua. Mawe ya mvua yalikuwa mikononi mwao. Mtama ukikauka shambani, watu hawakumtafuta mganga mwingine. Walikwenda kwa mtawala, kwa kuwa dawa na madaraka vilikuwa kitu kimoja. Hiyo ndiyo maana kamili ya istilahi tunayoitafuta.

Mpaka wake pia uko wazi. Liti wa Wanyaturu, ambaye husimuliwa kuwa aliwatuma nyuki dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa na uwezo bila kuwa mtemi. Kwa asili Wanyaturu hawakuwa na watemi. Uganga peke yake si utemi.

Niliwahi kulipeleka neno hili mbele ya kamati moja, nikajibiwa kwamba ni la kikabila. Waheshimiwa hao hutaja Ikulu kila siku bila kusita, nalo ni neno la Wanyamwezi na Wasukuma, la makazi ya mtemi huyo huyo! Wamekubali nyumba, wamemkataa mwenye nyumba. Mwingine alidai kuwa mtaani mtemi ni mbabe. Mtaa umeazima neno, haujalinunua.

Katika matumizi: utemi wa kiganga pale maana inapohitaji kubanwa, utemi pale muktadha unapojitosheleza, mtawala wake mtemi, wingi watemi.