Fungate: Kutoka Chumba Kimoja Hadi Visiwa Vinne

Miezi michache iliyopita niliitwa na wakala mmoja wa safari, akanikabidhi kurasa sita za Kiingereza nizitie katika Kiswahili. Kurasa zile zilikuwa ni ratiba ya fungate: usiku kumi na sita, visiwa vinne. Maharusi waanze Unguja, waende Mahé katika Shelisheli, wapite Morisi, kisha wamalizie Maldivi. Kila kituo kina nyumba yake ya ufukweni au ya juu ya maji, chakula cha usiku penye mwanga wa mishumaa, na mawaridi yaliyotawanywa kitandani. Waliokusudiwa kuisoma si Wazungu. Ni vijana wetu wenye uwezo, wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, ambao wakala alitaka waisome kwa lugha yao. “Bei usiifasiri,” aliniambia, “iache kwa dola.”

Mimi kazi ya tafsiri sikuisomea darasani. Nimejifundisha kwa kamusi na kwa kuwauliza wazee, na kwa hiyo nina ada ya kulisimamisha kila neno na kuliuliza limetoka wapi. Neno la Kiingereza la mwezi wa asali lilijirudia karibu katika kila aya, na kila lilipojitokeza niliandika fungate. Nilipofika ukurasa wa tatu kalamu ilisita. Niliona ninaandika kwamba fungate itaruka kutoka Mahé hadi Morisi asubuhi na mapema, na hapo nikatambua kwamba neno lile limekataa kupanda ndege.

Fungate, ndugu msomaji, ni hesabu. Kabla ya Kiswahili kulipokea neno la Kiarabu, saba, idadi hiyo kwa Kibantu chetu ilikuwa ni fungate, na mpaka leo ndugu zetu Wagiriama na Wadigo husema fungahe wanapohesabu. Katika soko na katika madrasa neno la kale lilishindwa, likatoweka. Lilisalia mahali pamoja tu, katika nyumba ya harusi, likawa jina la zile siku saba ambazo bwana harusi na bi harusi hukaa ndani. Waingereza nao neno lao halikuanza kwa safari. Lilikwisha andikwa tangu karne ya 16, na waliolieleza wakati huo walisema kwamba mapenzi ya mwanzo ni matamu kama asali, lakini kama mwezi hayakosi kupungua. Wao walitoa jina lenye onyo ndani yake, sisi tukatoa jina lenye idadi.

Katika siku hizo saba, kwa ada ya Unguja, Mombasa na Lamu, hakuna aliyesafiri isipokuwa bwana harusi, na safari yake ilikuwa ya kutoka kwao hadi nyumbani kwa kina bi harusi. Alilipa kifungua mlango ndipo akaingia, akatoa kipamkono ndipo akapewa mkono. Bi harusi alikwisha singwa kwa liwa, akapakwa hina na kufukizwa udi, na somo wake hakuwa mbali. Chakula kilitoka jikoni kwa wazazi wa bi harusi, tena chakula cha kushindana: biriani, kuku wa kupaka, mikate ya kumimina, maandazi ya hiliki. Nje wanawake walipiga vugo na kuimba. Kwa muda wa siku saba mtaa mzima uliwazunguka watu wawili, na wawili wale hawakuwa na la kufanya ila kujuana.

Sisemi kwamba ya kale yote yalikuwa mema. Wako mabinti walioingizwa chumbani mle kwa mume wasiyemchagua, na ile shuka nyeupe iliyosubiriwa na wakongwe imewadhalilisha wengi wasiokuwa na kosa. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye utenzi wa wasia mnamo mwaka 1858, alijua kwamba ndoa ni chombo kinachohitaji nahodha mwenye hadhari. Sikusudii, basi, kuwarudisha vijana wetu chumbani. Nakusudia kuuliza fungate ilipotoka chumbani ilikwenda wapi, na ilipofika huko ilimkuta nani.

Katika Uingereza ya mwanzo wa karne ya 19, watu wa tabaka la juu walipooana walifunga safari ya kuwazuru jamaa ambao hawakuweza kuhudhuria harusi. Mara nyingi walifuatana na ndugu au rafiki. Ilikuwa bado ni safari ya kutafuta watu. Reli na meli za moshi ziliigeuza. Kila njia ilivyokuwa nyepesi, maharusi walizidi kwenda mbali na jamaa, hata ikawa sifa ya safari ni kutojulikana na yeyote mwisho wake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ndege zikaichukua kazi hiyo, na zilipoweza kuvuka bahari kwa usiku mmoja, visiwa vya kwetu vikaingia katika orodha.

Nilimpelekea wakala rai moja. Nilimwomba niongeze, kwa kila kisiwa, aya fupi ya historia, ili maharusi wajue wamelala wapi. Alinikatalia kwa upole, akasema watu wa fungate hawataki huzuni. Aya zile ninazo, na kwa kuwa hazikupata nafasi kwake, nazitandika hapa, nikianza mwisho wa safari na kurudi nyumbani.

Maldivi waliijua ndoa ya msafiri kabla ya hoteli yoyote. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alilala usiku mmoja Mombasa kisha akaendelea hadi Kilwa, alifika visiwa hivyo mwaka 1343 akafanywa kadhi. Ameeleza kwamba kuoa huko kulikuwa kwepesi kwa sababu mahari ni kidogo, na kwamba mabaharia walioa merikebu zilipotia nanga, wakatoa talaka zilipotweka tanga, kwani wanawake wa huko hawakuihama nchi yao. Yeye mwenyewe alioa wake wanne, na alipoondoka mwaka 1344 akawaacha. Mgeni alikuja, akapata raha yake, akaenda zake. Mwenyeji akabaki na kisiwa. Mwaka 1972 ilifunguliwa hoteli ya kwanza ya kitalii katika kisiwa kisichokaliwa karibu na Malé, ikaitwa Kurumba, neno ambalo kwa Kidivehi ni dafu. Kutoka hapo uliwekwa utaratibu wa kisiwa kimoja hoteli moja, wageni upande wao na wananchi upande wao. Haikuwa mpaka baada ya sheria kubadilishwa, kuanzia mwaka 2009, ndipo nyumba za wageni zikaruhusiwa katika visiwa wanamoishi watu. Kwa zaidi ya miaka thelathini, basi, aliyekwenda fungate huko aliweza kurudi kwao bila ya kubisha hodi katika nyumba ya Mmaldivi hata moja.

Morisi kuna mlima uitwao Le Morne, unaosimama peke yake juu ya rasi ya kusini-magharibi, na hoteli za fahari zimepangana miguuni pake. Katika picha za ratiba mlima ule unaonekana nyuma ya meza ya maharusi. Huko juu ndiko walikojificha watumwa waliotoroka mashamba, na wengi wa watumwa wa kisiwa kile walitoka pwani yetu na Msumbiji. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watu 1,000 kila mwaka. Wenyeji wa Morisi husimulia kwamba utumwa ulipofutwa mwaka 1835, askari walipelekwa mlimani kuwapa watoro habari ya uhuru wao. Watoro walipowaona askari walidhani wamekuja kukamatwa, wakajitupa kutoka jabalini. Mwaka 2008 UNESCO iliuingiza mlima huo katika Urithi wa Dunia. Kijana wa Kilwa anayepiga picha ya harusi chini ya Le Morne huenda amesimama juu ya makaburi ya jamaa zake, na hakuna aliyemwambia.

Shelisheli ilikuwa gereza. Kwa kuwa haikufikika ila kwa meli, Waingereza waliifanya pahala pa kuwatupa wafalme waliowashinda. Kabaka Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walikamatwa mwaka 1899 wakapelekwa huko, na Mwanga akafia huko mwaka 1903. Sayyid Khalid bin Barghash, ambaye tarehe 27 Agosti 1896 kasri lake la Unguja lilipigwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, alikimbilia kwa Wajerumani Dar es Salaam. Waingereza walipomkamata wakamhamishia Shelisheli na Saint Helena, kabla ya kumruhusu kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927. Kiwanja cha ndege cha Mahé, kilichojengwa kwa kufukia bahari juu ya mwamba wa matumbawe, kilifunguliwa rasmi mwaka 1972, mwaka ule ule wa Kurumba. Ule umbali uliokuwa adhabu ya wafalme ukawa bidhaa: watu hulipa ghali leo kwa upweke ambao Sayyid Khalid alilazimishwa bure.

Ya Unguja tunayajua, kwa hiyo nitasema machache. Baada ya karafuu kuanguka bei, milango ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1980, sheria ya kulinda vitega uchumi ikapitishwa mwaka 1986, na Kamisheni ya Utalii ikaundwa mwaka 1992. Mwaka 2024 walifika wageni zaidi ya 700,000. Pwani za Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ambako wanawake walifukia makumbi na kulima mwani, zikawa mstari wa kuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na shirika la Uingereza la Tourism Concern, uliofanywa katika vijiji hivyo vitatu, ulikuta kwamba nyumba moja ya kijijini ilitumia wastani wa lita 93 za maji kwa siku, ilhali chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kiliweza kutumia zaidi ya lita 3,000. Katika fungate ya zamani maji ya kumuogesha bi harusi yaliletwa na majirani. Katika fungate hii, jirani ndiye anayepungukiwa ndoo.

Jambo jingine katika ratiba lilinishangaza, nalo ni majira. Nahodha wa jahazi hakupanga safari kwa kutazama ramani. Alitazama pepo. Kaskazi ilimleta kutoka Bara Arabu na Bara Hindi, kusi ikamrudisha, na kati yake alingoja. Wakala alizipanga nchi nne zote katika mwezi wa Aprili, kwa kuwa bei ni nafuu. Aprili Mahé bahari hutulia baina ya pepo mbili, na Maldivi ukavu unaelekea ukingoni. Morisi msimu wa vimbunga bado haujafunga mlango. Na Unguja, kila mtoto anajua, ni masika: baadhi ya hoteli za pwani hufungwa kabisa, na mvua hupiga mabati usiku na mchana. Aidha, hakuna mwezi mmoja ulio mwema kwa visiwa vyote vinne. Anayetaka kuvizuru aghalabu atafanya vyema kuchagua viwili vinavyopatana kwa majira, akakae. Nilimweleza wakala haya. Alinijibu kwamba mvua haimo katika kazi niliyopewa.

Nilimaliza tafsiri, nikalipwa, na neno fungate nimeliacha lilipo, maana sina jingine na sipendi kubuni. Lakini nimebaki na swali. Sisi watu wa visiwa tumekuwa jamaa wa bi harusi kwa maharusi wa ulimwengu mzima: tunapika, tunatandika, tunafukiza udi, tunaimba nje ya mlango. Katika ada yetu jamaa hao walifanya hivyo kwa mtoto wao, na zamu ya kutendewa iliwafikia nao. Kwa mgeni wa usiku nne hakuna zamu. Na sasa vijana wetu wenyewe wanapopata uwezo, wanapanga kwenda kuwa wageni kwa watu wa visiwa wenzetu, wafungiwe katika nyumba ya juu ya maji wasimjue mtu, kama wageni wetu wasivyotujua sisi.

Wala siwalaumu. Aliyechoka na mji ana haki ya kuiona bahari akiwa na ampendaye. Namwomba tu anayepanga safari hiyo aulize mambo matatu kabla ya kulipa: majira haya ni ya nani, maji haya ni ya nani, na mlima huu ulio nyuma ya picha yetu nani alipanda akakosa kushuka. Mswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo ni sharti, na anayeipokea karibu yetu amelipokea na sharti lake. Ubeti huu nimeutunga nilipokuwa nikisubiri malipo yangu, nao uwe ni nyongeza ya ukurasa wa saba ambao wakala hakuuhitaji:

Fungate siku ni saba, si visiwa kuhesabu,
Wawili na lao huba, na jirani wa karibu,
Mgeni anaposhiba, mwenyeji asiwe bubu,
Tuuzwapo kwa haiba, tuulize na sababu.