Vugiri na Baada Yake: Taalimu ya Filamu Katika Nchi Yetu

Kijana wa Zagayu, au wa kijiji kingine chochote cha upande huu wa Bariadi, atakaye kujifunza kazi ya filamu hana budi leo kupanda basi mpaka pwani, ama Bagamoyo ama Dar es Salaam, na aghalabu huwa amekwisha kupiga picha za harusi na mikutano ya hadhara kwa kamera ya kuazima kabla hajamsikia mwalimu hata mmoja akimweleza kwa nini picha mbili zikifuatana huzaa maana isiyokuwamo katika yoyote kati yake. Hali hiyo, ya mkono kutangulia na nadharia kuchelewa, wengi hudhani imeletwa na simu za mkononi. Walakini umri wake katika nchi yetu ni takriban miaka tisini, na chimbuko lake ni milima ya Usambara.

Mwaka 1935, huko Vugiri, juu ya Korogwe, ilianzishwa kazi iliyoitwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, chini ya Baraza la Kimataifa la Misioni na kwa fedha iliyotoka hasa kwa Carnegie Corporation ya New York. Wakuu wake walikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, na G. C. Latham, aliyekuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika katika Rodesia ya Kaskazini. Hadi ilipofungwa mwaka 1937 ilikuwa imetoa filamu fupi 35 hivi, za milimita 16, juu ya safura, mmomonyoko wa udongo, kodi, na akiba ya posta. Hii ya mwisho ilikuwa hadithi ya vibarua wawili, mmoja akaizika fedha yake ardhini ikaibwa, mwenziwe akaipeleka posta ikasalimika. Sauti haikuwamo katika mkanda wenyewe, bali ilirekodiwa kwenye sahani za santuri, ili filamu moja iweze kusemeshwa kwa lugha ya kila nchi ambayo lori la maonyesho lilipita, tangu Tanganyika, Kenya na Uganda mpaka Nyasa na Rodesia.

Humo Vugiri Waafrika hawakuwa waigizaji tu. Walifundishwa kuosha mikanda, kuichapa, kuikata na kuiunga, kazi ambayo haimsamehe mzembe: muungaji huukwangua utando wa dawa kwenye ncha ya kipande kimoja, akapaka gundi, akakilaza kipande cha pili juu yake na kukibana mpaka kishike, na akizidisha gundi au akipishanisha matundu ya pembeni, mkanda huruka au hukatika mbele ya watu mia tano waliokaa nyasini. Mwenye kuifanya kazi hiyo kwa miezi kadhaa hujua mengi kuhusu mwendo wa picha kuliko wengi walioandika juu yake. Lakini ni nani aliyeamua kipande kipi kitangulie, na kwa hoja gani? Uamuzi huo ulibaki kwa mabwana. Notcutt na Latham, katika kitabu chao cha mwaka 1937, hawakuficha kwamba kazi ya namna hii ingepaswa kuendelezwa papa hapa Afrika na kwa mikono ya Waafrika. Ila serikali za makoloni zilipoombwa kulipa gharama zilikataa, na karakana ikafungwa, na wale waliokwisha kupata ujuzi wakatawanyika nao.

Nusu ya pili ya taalimu, yaani nadharia, ilikuwa ikitungwa kwingine. Mwaka 1939 Waingereza waliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na mkuu wake, William Sellers, aliyeanzia kazi ya afya huko Nigeria, akaweka kanuni zilizotawala kwa zaidi ya muongo mmoja: kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa upesi, kwamba kila tendo lionyeshwe toka mwanzo hadi mwisho bila kuruka, na kwamba hila zote za kamera ziepukwe. Ushahidi wake mashuhuri ulikuwa kisa cha watu walioonyeshwa mbu aliyekuzwa kujaa pazia zima, wakasema kwamba kwao, alhamdulillahi, hakuna mbu wakubwa kiasi hicho. Mimi sikushangazwa kamwe na kisa hicho isipokuwa kwa jambo moja, kwamba haikumpitikia msimulizi hata mmoja kuwa watu wale huenda walikuwa wakifanya mzaha. Kanuni hizo zikaingia darasani: Accra mwaka 1948 lilifunguliwa darasa la kwanza la kuwafundisha vijana wa makoloni, na baadaye yakafuata mengine Jamaica na Kupro, na wanafunzi wakapewa kamera mkono mmoja na, mkono wa pili, dhana kwamba watu wao wenyewe ni wazito wa kuelewa. Utafiti wa miaka ya 1950 huko Nigeria ulipowauliza watazamaji wenyewe, dhana hiyo haikusimama.

Na lau mmoja wa watunga kanuni hao angefunga safari mpaka Usukumani baada ya mavuno, wakati pamba imekwisha kuuzwa na watu wana wasaa, angekuta nadharia ya utazamaji iliyokamilika kuliko yake, nayo imefungamana na amali kiasi kwamba hakuna awezaye kuitenga. Tangu karne ya 19 mbina zetu, yaani ngoma za mashindano, zimegawanyika katika vyama viwili vinavyoshindana, Wagika na Wagalu, na mashindano yao hayana hakimu aliyekalia kiti: makundi mawili hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Hapo huonekana jambo ambalo vitabu vya sinema hulitumia kurasa nyingi kulieleza. Kundi la kushoto likianza kurudia wimbo bila kuupandisha, watu wa nyuma huanza kugeuza shingo. Kisha watoto, ambao hawana haya, hukimbilia upande wa pili, na baada ya watoto hufuata vijana. Na ningi, yule mtunzi na kiongozi wa wimbo, akiona mgongo wa kwanza tu hana budi kubadili neno, au kutoa kichekesho, au kumwingiza mchezaji wa nyoka aliyekuwa amemficha, kabla uwanja haujamwishia. Ningi hakuupata uwezo huo kwa kipaji peke yake. Wanafunzi wake humfuata, humwitikia, hukosea hadharani, na usiku huelezwa ni kwa sababu gani ubeti ule ulipoteza watu na ule uliwarudisha. Dawa za mvuto nazo hutumika, sikatai, ila sijapata kumsikia ningi aliyetegemea dawa akaacha mazoezi.

Katika ulimwengu wa sinema, mtu aliyekaribia zaidi desturi hiyo pengine ni Mrusi Lev Kuleshov. Chuo cha filamu cha Moscow kilifunguliwa mwaka 1919, ndicho cha kwanza duniani, wakati mkanda ulikuwa adimu kuliko mkate, basi wanafunzi wa Kuleshov wakafanya walichokiita filamu bila filamu: waliigiza jukwaani vipande vifupi vifupi, kila kimoja kana kwamba ni picha iliyokatwa, na walizifumua filamu za zamani wakazipanga upya ili waone maana inavyogeuka. Ufukara ule ndio uliowalazimisha kufikiri. Miaka arobaini baadaye Ousmane Sembène wa Senegali, kuli wa zamani wa bandari ya Marseille, alikwenda Moscow hiyohiyo kujifunza, na aliporejea akaiasisi sinema ya Afrika nyeusi.

Kwetu mambo hayakwenda kwa mkupuo namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutoa filamu za hadithi kwa Kiswahili, na katika Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, hadithi ya mtu wa shamba aingiaye mjini na kutapeliwa, aliigiza afisa kijana wa maendeleo ya jamii aitwaye Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Baada ya uhuru ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, mwaka 1968, kisha kwa msaada wa Denmark ikaja taasisi ya picha na sauti, na magari ya sinema ya serikali yakafika mpaka vijiji vya huku. Shule ya filamu yenyewe, hata hivyo, hatukuijenga. Aliyetaka kusoma alikwenda Nairobi, au Ulaya, au Marekani kama Nangayoma Ng'oge, ambaye pamoja na Ron Mulvihill walitoa Arusi ya Mariamu mwaka 1985. Wachache hao walirudi na ilimu, wakakuta mitambo mibovu na fedha ya kigeni ya kununulia mkanda haipo.

Kisha ikaja video, na mlango uliofungwa kwa miaka mingi ukavunjwa na watu ambao hawakuomba ufunguo. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, mkoa ambao Bariadi yetu ilikuwa ndani yake mpaka Simiyu ilipoundwa mwaka 2012, mwaka uleule aliofariki, alijiunga na kundi la Kaole mwaka 2002, akajifunza kwa kuigiza tamthilia za televisheni, mchezo baada ya mchezo. Wasomi waliibeza kazi ya kizazi chake, na ni kweli kwamba filamu nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwa siku chache na zilirudia kisa kilekile cha mke, mume na mchawi. Lakini kizazi hicho kilikuwa na kitu ambacho Sellers hakuwa nacho, nacho ni soko la Kariakoo, ambalo lilimwambia kila mtengenezaji, ndani ya wiki moja, kama watu wamegeuza mgongo.

Leo nusu zile mbili za taalimu, amali na nadharia, zinaanza kukaribiana. Amil Shivji, aliyesomea Kanada na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa T-Junction mwaka 2017, na Vuta N'Kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Mwalimu anayesahihisha insha za wanafunzi asubuhi naye ana kazi yake mwenyewe ya kuhukumiwa jioni. Na Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kilifunguliwa mwaka 1981, ngoma na utengenezaji wa filamu hufundishwa chini ya taasisi moja, hivyo kijana wa Zagayu aliyekulia pembeni mwa uwanja wa mbina ana haki, atakapofika somo la Kuleshov, kunyanyua mkono na kumwuliza mwalimu ni kanuni gani katika zile ambayo ningi wa Wagalu hakuijua.