Waliosafiri bila kuandikwa
Mkoa wetu hauna reli, lakini meli yetu ilikuwa mali ya Shirika la Reli Tanzania. MV Bukoba ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Ilipakia Bukoba, ikapita Kemondo, bandari ambayo watu wa Muleba huifikia kwa urahisi, ikazama karibu na Mwanza asubuhi ya Mei 21, 1996. Orodha ilikuwa na majina 443, yote ya daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuandikwa, ndiyo maana idadi ya waliokufa hubishaniwa hadi leo: wengine husema 800, wengine 1,000.

Waliosimama gatini waliona watu wakijazana. Wangemwambia nani? Abiria alipata chombo chake kwa sheria ya 2001 tu, iliyounda SUMATRA, msimamizi wa meli na reli, pamoja na baraza la ushauri la watumiaji. Sheria ikiwa bado changa, Juni 2002, treni ikaserereka kinyumenyume Igandu, Dodoma, wakafa 281.

Tangu 2019 reli na mabasi yako chini ya LATRA, yenye baraza la namna hiyohiyo. Ningeliuliza jambo moja: abiria akiona hatari sasa hivi, ampigie nani kabla chombo hakijaondoka?