Kisa cha Baiti 14

Kijana mmoja wa darasa letu la kompyuta alifungua programu ya kunasa paketi, akahesabu baiti za mwanzo kwa kidole, kisha akaniuliza: "Mwalimu, mbona 14? Si 12, si 16?" Siku ile nilimjibu kwa mkato, manake adhana ya magharibi ilikuwa imekaribia. Leo namlipa deni lake, na wengine msikilize.

Kwanza tuelewane. Kompyuta mbili zikizungumza kwa waya wa Ethaneti, hazitumi faili nzima kwa mkupuo. Zinaikata vipande viitwavyo paketi, na kila kipande hutangulizwa kichwa, mfano wa maandishi juu ya bahasha. Baiti 6 za kwanza ni anwani ya anayepelekewa, 6 zinazofuata ni za aliyetuma, na 2 za mwisho zinaeleza ndani mna nini. Jumlisha mwenyewe.

Lakini mwanzo haikuwa hivyo. Tarehe 22 Mei 1973, Robert Metcalfe, mfanyakazi wa maabara ya Xerox mjini Palo Alto, California, aliandika waraka wa kueleza mtandao mpya. Jina alilichukua kwa "etha", ile kitu ambayo wanafizikia wa zamani walidhani ndiyo inayobeba mwanga, mpaka jaribio la Michelson na Morley la 1887 likaitafuta lisiione. Metcalfe na mwenzake David Boggs wakaujenga mtandao huo, kasi yake megabiti 2.94 kwa sekunde. Anwani ilikuwa baiti 1 tu, yaani mashine zisingezidi 256 kwenye waya mmoja. Kichwa chote kilikuwa baiti 4. Hesabu nzuri, inagawanyika kwa nne. Ikumbuke hiyo.

Tarehe 30 Septemba 1980 kampuni tatu, Digital, Intel na Xerox, zilitoa kiwango kipya cha megabiti 10. Sasa hoja ilikuwa kwamba kila mashine duniani iwe na namba yake peke yake, popote itakapopelekwa, basi anwani ikapanuliwa kuwa biti 48. Uamuzi wa busara, na hadi leo unatufaa. Ila ndio uliotuletea 14, na 14 haigawanyiki kwa nne.

Kabla ya kufika huko, kuna ugomvi wa zile baiti 2 za mwisho. Kampuni tatu zilisema ni za aina ya mzigo. Kamati ya IEEE iliyopitisha kiwango cha 802.3 mwaka 1983 ikasema hapana, ni za urefu wa mzigo. Mahali ni pamoja, maana mbili! Kilichookoa ni kwamba mzigo hauzidi baiti 1500. Basi ikawa namba ikiwa 1500 au chini ni urefu, ikiwa 1536 au zaidi ni aina. IP ina namba 0800 kwa hesabu ya kumi na sita, yaani 2048, iko salama. Itifaki ya Xerox wenyewe iitwayo PUP ndiyo iliyoadhirika: namba yake 0200 ni 512, ikaonekana kama urefu, ikabidi ihamishwe. IEEE walikuja kuzikubali maana zote mbili rasmi mwaka 1997. Na Novell nao walikuwa na njia yao ya tatu. Ukisoma kerneli ya Linux utakuta mpaka sasa inachungulia kama mzigo unaanza na FFFF ili imtambue Novell wa zamani, na aliyeandika pale ameweka maneno ya kulalamika kabisa.

Turudi kwa 14. Prosesa hupenda kusoma kumbukumbu nne-nne. Anwani ya IP ina baiti 4, na mafundi wanataka kuisoma kwa mkono mmoja. Lakini paketi ikipangwa kuanzia sufuri, kichwa cha IP kinaanza nafasi ya 14, na anwani ya mtumaji inaangukia 26. Haikai kwenye mstari. Mashine za VAX na Intel zilivumilia, pengine kwa kuchelewa kidogo. SPARC ya Sun haikuvumilia: ukiisomesha hivyo inagoma papo hapo, na kerneli ikigoma mashine nzima imelala.

Pale Berkeley, waliotoa mfumo wa 4.2BSD mwezi Agosti 1983, walikuwa na shida nyingine ya ukoo huohuo. Ethaneti baiti 14, IP 20, TCP 20: data ya mtu inaanza nafasi ya 54, katikati ya ukurasa wa kumbukumbu. Ukurasa wa VAX ni baiti 512. Kuifikisha data kwa programu ilibidi inakiliwe, na kunakili kulikuwa ghali mno kwa mashine za wakati ule. Wakaja na ujanja: vichwa vya IP na TCP viondolewe mbele viwekwe nyuma ya data, viwe mkia! Data ikitangulia inakaa sawasawa kwenye ukurasa, na kerneli badala ya kunakili inabadilisha tu jedwali la kurasa. Samuel Leffler na Michael Karels waliueleza katika RFC 893 ya Aprili 1984.

Mimi naukubali ujanja huo kwa akili yake. Lakini kwa jirani ilikuwa balaa. Mikia ilitumika tu data ikiwa kamili ya mafungu ya 512. Basi ukiunganisha BSD na mashine isiyojua mikia, paketi ndogondogo zinapita, unaingia, unaandika amri, mambo shwari. Ukiita faili kubwa, kimya. Hebu fikiria fundi anayetafuta kosa hilo, na waya ni mzima! Mwaka 1989 RFC 1122 ikaagiza mikia isitumike ila pande zote mbili zikijulikana kuwa zinaielewa, na baadaye ikafa yenyewe.

Dawa ya 14 iliyobaki ni rahisi hata inachekesha. Draiva ikitenga nafasi ya paketi inaacha baiti 2 tupu mwanzoni. 2 na 14 ni 16, IP inakaa kwenye mstari. BSD huita ETHER_ALIGN, Linux NET_IP_ALIGN. Kwenye mashine za x86 Linux imeirudisha kuwa sufuri, kwa sababu prosesa hizo hazijali, na kadi ya mtandao hupenda kuandika paketi kuanzia mahali palipopangika.

Kwa hivyo kijana wangu, fungua faili iitwayo if.h ya Linux, utafute IFF_NOTRAILERS. Maana yake "usitumie mikia". Hakuna mkia wowote unaopita siku hizi, lakini alama bado ipo palepale, na nafasi yake haijapewa mwingine.