Maji ya Riyadh na pete ya Faraday

Mmeniuliza kwa barua pepe maji ya Riyadh yanatoka wapi, maana hakuna mto wala ziwa. Mengi yanatoka baharini! Mengine nimeyapata kwa kumdadisi jirani yetu, fundi wa Tanga aliyefunga pampu Jeddah kabla ya kuhamia huku.

Jeddah walianza zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za Waturuki, palikuwa na mtambo wa kuchemsha maji ya bahari, wenyeji wakauita Kindasa. Mtambo mkubwa wa kisasa ulikuja 1970. Riyadh ilianza kuletewa yake miaka ya 1980 kutoka Jubail, pwani ya Ghuba: bomba la zaidi ya kilomita 400, na mji uko juu mita 600 hivi. Hapo bila pampu hupati hata kikombe, na pampu haizunguki bila beringi.

Sasa sikilizeni. Tundu la beringi hutengenezwa dogo kidogo kuliko shafti, kusudi ibane. Zamani fundi aligonga kwa nyundo, gololi zikaumia, au aliichovya kwenye oili ya moto. Sisi wa wodini oili tunaijua. Inang'ang'ania ngozi, inachelewa kupoa, kidonda kinakwenda chini. Ikishika moto, usiseme.

Njia ya kuiepuka ilianzia London mwaka 1831. Michael Faraday alizungushia pete ya chuma nyaya mbili zisizogusana. Kila alipowasha au kuzima umeme kwenye waya wa kwanza, wa pili nao ulishtuka. Mashine ya leo ya kupashia beringi, wanazotengeneza akina SKF wa Uswidi (kampuni ya 1907), ni pete ile ile, ila beringi imekaa mahali pa waya wa pili. Umeme unazunguka ndani yake na kuichemsha. Nyuzi 110 zinatosha: tundu la milimita 100 linapanuka kama sehemu moja ya kumi ya milimita, unaivisha shafti kwa glovu tu. Ikipita 125 chuma huanza kubadilika. Mwishoni mashine huiondolea usumaku, isije ikanasa vumbi la chuma.

Nyumbani nimeona karai la oili kwa macho yangu, na bei ya mashine naielewa. Lakini ngozi ya kijana je?

La kinesi: mwenye pesimeka kifuani asiisogelee ikiwa imewashwa, sumaku yake yaweza kuivuruga. Jirani sasa anamuuliza kila msaidizi mpya kwanza.