Masikio ya Wazamia Lulu

Tumeandika mengi juu ya lulu za Ghuba na matajiri wake, wazamiaji tumewapita. Si wachache kati yao waliokuwa na asili ya mwambao wetu, wengine watumwa, jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa kunong'ona. Miezi kama minne ya joto mzamiaji alishuka na jiwe mguuni, kibanio cha pua, fitam kwa Kiarabu, na vidole vimevishwa ngozi visikatwe na chaza. Lakini kinga yake kubwa ilikuwa saibu, mshika kamba aliyebaki chomboni: kamba ikitikiswa, avute papo hapo. Hata hivyo masikio yalipasuka na macho yaliharibika. Mageuzi ya Bahrain ya miaka ya 1920 yalimpa mzamiaji daftari la deni lake kwa nahodha. Masikio hayamo daftarini.