Adabu ya Kutuza na Maana ya Wimbo wa Taarabu

Uhakiki wa nyimbo za taarabu umezoea kuanzia na kuishia katika maneno: vina, mizani, jazanda na maudhui. Hata hivyo, historia ya utanzu huu yaonyesha kwamba sehemu ya maana yake haimo katika beti, bali katika mwenendo wa hadhira, ambao kanuni zake hazikuandikwa wala kutangazwa.

Katika kasri ya Sultan Barghash (1870–1888), Unguja, muziki huu uliimbwa kwa Kiarabu, na chama cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka wa 1905, kiliyaendeleza mapokeo hayo. Siti binti Saad, aliyerekodi nyimbo Bombay mwaka wa 1928, aliimba kwa Kiswahili. Nyumbani kwake Ng'ambo visa vya mtaa viligeuzwa nyimbo. Wimbo ulipoanza kumsema jirani, adabu ya kusema bila kutaja ikawa ya lazima.

Adabu hiyo hudhihirika katika kutuza. Mwanamke huinuka, akaelekea kwa mwimbaji kwa madaha, noti mkononi, akafika pale hasa mshororo unapogusa jambo lake. Kwa kitendo hicho maneno ya mtunzi huwa yake. Mwimbaji hamtaji mtu. Anayelengwa naye hatakiwi kufoka, kwani afokaye hukiri kuwa ndiye. Mwenye busara hungoja wimbo mwingine, naye akainuka. Kwa kuwa wengine hutuza kwa kuipenda sauti tu, mtuzaji aweza kukana daima. Wote wanajua, hakuna awezaye kuthibitisha.

Katika miaka ya 1990, mashindano ya Tanzania One Theatre na Muungano jijini Dar es Salaam yalikuza mipasho ya wazi. Waliolalamikia ukali wa lugha waliona nusu ya jambo. Mwimbaji alipolifumbua fumbo mwenyewe, mtuzaji alipoteza nafasi yake ya utunzi, akabaki mshangiliaji.

Kwa hivyo, diwani na kaseti humpa mhakiki wimbo usiokamilika. Yampasa ajue ni nani aliyeinuka, na kwa mshororo upi. Lakini akiyachapisha majina hayo, atakuwa ameivunja adabu ile ile anayoichunguza, na kuwavua wanawake wale kinga yao. Mhakiki wa taarabu, kama mtuzaji, hana budi kujua pa kunyamaza.